Syokau Hafutiki

Aya ya Syokau haikuwepo. Wavinya alisoma ukurasa wa pili wa kijitabu cha mazishi ya baba yake kwenye kioo cha kompyuta, akarudi juu, akasoma tena huku kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kuzaliwa kulikuwepo. Shule ilikuwepo. Miaka ya kiwanda cha ngozi ilikuwepo. Halafu ndoa: "Marehemu Kyengo alimwoa Mama Nicanor wa Gitothua," nukta, na baada ya nukta hiyo wakafuata wajukuu.

"Firdaus," akaita, "mama yangu ameenda wapi?"

Firdaus, mwenye saiba hiyo ya kompyuta mtaani Landless, aliacha mashine ya fotokopi ikitema vitambulisho vya watu akaja kuangalia. Alikuwa ameandika vijitabu vya mazishi vya nusu ya Thika, na uso wake ulishazoea kuwapa watu pole.

"Haki Mama Muasya," akasema, akimwita Wavinya kwa jina la mwanawe, "nilitaka kukueleza. Niliikata ile aya niihamishie kwa hii faili mpya, ile iko na maua pembeni. Nikasave ya zamani, nikafunga. Kabla sijabandika, Nicanor akapiga simu, anataka nimtumie namba ya mchungaji. Nikakopi namba. Sasa kompyuta inashika kitu kimoja tu. Ukishika kingine, cha kwanza kimeenda."

"Kimeenda wapi?"

"Kimeenda tu. Kimepotea."

"Nicanor alipiga simu saa hiyo hiyo umemshika mama yangu mkononi."

"Aki siwezi kujua alikuwa anafikiria nini."

"Mimi najua," Wavinya akasema.

Mzee mmoja aliyekuwa akingojea kopi ya kitambulisho aliinua kichwa. "Hiyo mashine yenu inameza wanawake tu? Mbona haijawahi kumeza kifungua mimba?"

Watu walicheka. Wavinya hakucheka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia siku nyingi kabla, na hayakuwa mzaha siku hiyo. Nyanya yake alipozikwa, kijitabu kilitoka bila jina la Syokau, na Nicanor, kaka yake wa nyumba kubwa, alisimama mbele ya familia na suti yake ya kijivu akasema, "Poleni, ni kompyuta ilimeza." Kompyuta ilimeza! Msimamizi wa sherehe naye haiti mtu ambaye hayuko kwenye karatasi. Aliwaita wake wa watoto wa marehemu waje kutupa udongo, mmoja mmoja, kwa majina, na Syokau, aliyekuwa amempikia mama mkwe uji mpaka siku ya mwisho, alisimama kando ya sufuria akiwa na kisu cha kabichi. Alingoja. Kisha akarudi kukata kabichi. Hakuna aliyemtetea, na Wavinya mwenyewe alikuwa msichana wa shule aliyefundishwa kwamba mazishini watu hawagombani.

Nchi hii imejaa watu waliomezwa na kompyuta. Ulizeni orodha ya basari za shule. Ulizeni orodha ya ploti, ya mbolea, ya vibanda vya soko jipya. Mtu analala akiwa namba fulani, anaamka anaambiwa mtambo ulikuwa na shida. Na mtambo huo una adabu ya ajabu: haujawahi hata siku moja kukosea ukammeza mtoto wa mwenyekiti. Unajua kuchagua. Unajua mjane, unajua mpangaji, unajua mke wa pili.

Mke wa pili. Kyengo alikuwa na nyumba mbili na hakuwahi kuzificha. Gitothua, kule Ruiru, alikuwa na Mama Nicanor. Landless, hapa Thika, alikuwa na Syokau, ambaye mahari yake ilipelekwa mchana, mbuzi wakipita barabarani watu wakiwaona. Alifia Landless, kichwa chake kikiwa mapajani pa Syokau. Jumamosi angezikwa kwenye shamba la ukoo upande wa Ngoliba, na kama jina halingekuwa kwenye kijitabu, Syokau angesimama tena kando ya sufuria huku mwanamume wake akifukiwa. Hilo tu ndilo lililomtoa Wavinya nyumbani asubuhi hiyo ya Alhamisi bila hata kunywa chai.

"Irudishe," akamwambia Firdaus.

"Nimejaribu. Nimeshafunga faili, haikubali kurudi nyuma."

"Basi ni lazima kuwe na njia ya kuizuia isitoke tena. Hii mashine inapeleka picha mpaka ng'ambo, itashindwa kukumbuka maneno mawili?"

Firdaus alisita. "Kuna kitu. Siku moja nilikosea nikabonyeza, kikajifungua nikakifunga haraka nikidhani ni virusi. Ukishika hiki kitufe cha dirisha, halafu V."

"Bonyeza."

"Mama Muasya, isije ikaharibu—"

"Bonyeza, Firdaus! Ikiharibika nitakuwa nimeiharibu mimi."

Walibonyeza. Kidirisha kidogo kikaruka pembeni mwa kioo, kikauliza kama wanataka historia ya klipbodi iwashwe. Wavinya, aliyeacha shule kidato cha pili na kila anachokijua amekijua kwa kuuliza na kukataa kuondoka, alisoma maelezo kwa sauti, polepole, kama anayesoma ilani ya kufukuzwa nyumba. Yalimaanisha kwamba tangu sasa kila kitakachokopiwa au kukatwa kitawekwa hapo, kimoja juu ya kingine, cha mwisho kikiwa juu. Ukitaka cha zamani unafungua, unakigusa, kinajibandika.

"Kwa hivyo ilikuwa inaweza siku zote," akasema.

"Inaonekana."

"Ilikuwa inaweza, na mmeniambia imemeza!"

"Sikujua! Wallahi sikujua."

Wavinya akagusa pale palipoandikwa washa. Kidirisha kikafunguka, naye akainama karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Kilikuwa kitupu. Hakukuwa na Syokau, hakukuwa hata na namba ya mchungaji.

"Iko wapi ya asubuhi?"

"Nadhani..." Firdaus alipunguza sauti. "Nadhani inaanza kukumbuka kuanzia ukiiwasha. Ya nyuma haina."

Wavinya alikaa kwenye kiti cha plastiki. Hasira ilimpanda polepole, kutoka magotini. Kumbe ni hivyo. Hakuna anayekukumbuka kabla hujaenda mwenyewe kuwasha kumbukumbu yake, na siku zote ulizopita hapo ukidhani umeandikwa, ulikuwa unapita tu.

Alitoa simu akampigia mama yake.

"Mwaitu, ile hadithi ulinipa jana usiniulize imeenda wapi. Nipe tena. Naandika mwenyewe."

Upande wa pili jogoo aliwika, na wanawake walikuwa wakiongea uani. Jana yake Syokau alikuwa ameeleza mambo mengi: jinsi alivyokuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mbele ya lango la kiwanda cha ngozi, jinsi wanawake wengine walivyokuwa wakiziba pua wafanyakazi wakitoka, na jinsi Kyengo alivyomuuliza mbona wewe huzibi, naye akamjibu kwamba njaa haina harufu. Alikuwa amecheka akisimulia. Firdaus mwenyewe alicheka akiiandika.

"Andika nilikuwa mke wake," Syokau akasema.

"Na lango? Na githeri?"

"Hayo nilisema jana."

"Yamepotea, mwaitu."

"Basi. Hayo si ya kusemwa mara mbili kama mtu anayeomba. Andika nilikuwa mke wake, tuliishi Landless, tukakupata wewe, na ni mimi niliyemfumba macho." Akakata simu.

Wavinya aliandika hivyo hivyo, kwa vidole viwili, akivibamiza vitufe mpaka Firdaus akamshika mkono. "Hiyo ni kibodi, si Nicanor."

Alipomaliza alikopi. Akabonyeza dirisha na V, na hiyo hapo: aya ya Syokau, peke yake juu kabisa. Akakopi tarehe ya mazishi. Akakopi jina la mchungaji. Akakopi sala kutoka kijitabu cha marehemu mwingine, bibi wa Makongeni ambaye Firdaus alikuwa amemmaliza juzi. Vyote vikajipanga, na Syokau akawa anashuka chini kila kinapoingia kipya.

"Anasukumwa," Wavinya akasema. "Akifika chini kabisa?"

"Nafikiri anatoka."

"Unaona? Hata huku ndani kuna wa nyuma wanaosukumwa."

Hapo Firdaus akagundua kijipini kidogo pembeni mwa kila maandishi, kama kile cha kubana karatasi ubaoni. Akakibonyeza kwenye aya ya Syokau. Wakakopi vitu ovyo, mistari ya zaburi, namba za simu, bei ya lamineti. Vikaingia, vikasukumana. Syokau hakutoka.

"Mfungie hapo hapo," Wavinya akasema. Akaibandika aya kwenye ukurasa wa pili, baada tu ya ile nukta.

Nicanor alifika adhuhuri akinuka moshi wa nyama. Ana banda la kuchoma pale Kamakis, na siku hizi hata huzuni yake anaivalia miwani ya jua. Alimpa Firdaus mkono, akamwita bosi, akamgusa Wavinya begani.

"Sista, pole na kazi. Umechoka. Enda nyumbani upumzike, mimi nitasoma mara ya mwisho halafu nipeleke Ruiru kuchapishwa. Kuna jamaa wangu anafanya rangi poa sana."

"Soma nikiwa hapa."

Alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka nukta ile. Akaipita.

"Hii tena ni nini?"

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako, Wavinya, kwani nimesema si mama yako? Lakini hapa kuna nafasi ndogo. Jamaa wa Ruiru amesema kurasa nane, zikizidi picha zinabanwa."

"Una picha yako ukikata utepe wa banda lako. Toa hiyo."

Mzee wa kitambulisho, ambaye kopi zake zilishatoka lakini alikuwa amekataa kuondoka, akakohoa kwa furaha.

Nicanor alivuta kipanya, akaifunika aya yote kwa buluu, akafuta. Alifanya hivyo kwa upole, kama anayepangusa makombo mezani. "Tusimletee mama yangu aibu mbele ya kanisa. Yeye ndiye alioa... ndiye aliolewa kanisani. Mama yako tutamtambua, siwezi kukosa kumtambua. Tutamweka huku nyuma, kwa shukrani. Hapa: 'Familia inawashukuru madaktari, majirani, na wote waliomhudumia marehemu.' Ataingia hapo. Waliomhudumia."

"Waliomhudumia."

"Eeh."

"Kama yaya."

"Usipindue maneno yangu."

Wavinya aliinama juu ya bega lake. Dirisha, V, akagusa. Aya ikarudi mahali pake, herufi kwa herufi.

Nicanor akaitazama. Akafuta. Wavinya akabandika. Akafuta tena, sasa kwa nguvu, na tena ikarudi, na mzee pale mlangoni akapiga paja lake. "Ngai! Huyo mama hafutiki!"

"Hiki ni kitu gani?" Nicanor aliuliza. Akakichungulia kidirisha, akaona namba, zaburi, bei, vyote vimepangana, na midomo yake ikajikunja. Chini ya miwani ile si mjinga. Alizungushazungusha kipanya mpaka akapata alichotaka. Akasoma kwa sauti: "Futa zote." Akabonyeza. Zaburi zikaondoka, namba zikaondoka, sala ya bibi wa Makongeni ikaondoka.

Aya ya Syokau ikabaki, na pini yake.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Wavinya alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kusikia. "Endelea. Futa. Umefuta watu wote umebaki na yeye."

Nicanor aliinuka. Hakupiga kelele, watu wa aina yake hawapigi, wana njia nyingine. Aliifuta aya kwenye ukurasa mara ya mwisho, akasave kwenye flash aliyokuja nayo, akaichomoa, akaitia mfukoni. "Kijitabu kinachapishwa Ruiru, si hapa. Baki na kompyuta yako ikumbuke." Na akaondoka, gari likitimua vumbi mpaka kwenye meza ya fotokopi.

Firdaus alikuwa amejishika kichwa. "Sasa?"

Wavinya aliangalia mlango, kisha mashine. Mtu mwingine angelia. Yeye alikuwa amelia kwenye mazishi ya nyanya yake, na machozi yale hayakuandika jina la mtu yeyote.

"Fungua karatasi tupu," akasema. "Nyeupe, isiyo na maua."

Akabandika aya. Akashuka mstari, akabandika tena. Na tena. Kila akigusa, Syokau alitokea: mke wa Kyengo, wa Landless, mama yake Wavinya, aliyemfumba macho. Ukurasa ulijaa Syokau kutoka juu mpaka chini. Waliuchapisha mpaka wino ukaanza kufifia, wakabadilisha wino, wakaendelea. Kisha wakaweka kwenye kikata karatasi na kukata vipande vyembamba, kila kipande aya moja. Mzee wa kitambulisho alivua koti akashika kazi ya kupanga, akisema hajawahi kuona matanga matamu namna hii.

Jumamosi, Ngoliba, jua lilikuwa kali. Nicanor alileta vijitabu kwenye masanduku kutoka Ruiru, vya rangi, vinang'aa, na alihitaji watu wa kuvigawa langoni. Watu wake wa Kamakis hawakutaka kusimama juani na viatu vyao vya kung'aa. Wanawake wa chama cha Landless walikuwa wamefika mapema kupika, wakasema, "Leteni sisi tugawe, si kazi." Hakuwauliza mara mbili. Ndivyo ilivyo kwa watu kama yeye: kazi ya jua hawaulizi inafanywa na nani. Kila kijitabu kilipita mikononi mwa wanawake hao, na kila kijitabu kilipofika kwa mgeni kilikuwa na kipande cheupe katikati ya ukurasa wa pili, baada tu ya ile nukta.

Msimamizi alikuwa Maluki, katekista, mtu mwoga lakini mwenye sauti nzuri. Jeneza liliposhushwa alifungua kijitabu. Kipande kikateleza kikaanguka kwenye nyasi. Hakukiona, au alikiona.

"Sasa mke wa marehemu, Mama Nicanor, aje atupe udongo."

Mama Nicanor alikwenda, mzito, akishikwa mkono. Akatupa, akarudi, akakaa.

"Asante. Sasa watoto—"

"Maluki!" Sauti ya mwanamke kutoka nyuma. "Umeruka!"

"Watoto wa marehemu, wakiongozwa na—"

"Umeruka! Soma karatasi yote!"

"Tuendelee," Nicanor akasema kutoka kiti chake cha mbele. "Mchungaji ana mazishi mengine."

"Asubiri! Soma yote!" Sasa hawakuwa wanawake wa Landless peke yao. Kila mtu alikuwa na kipande mkononi, kila mtu alikuwa ameshakisoma wakati wa hotuba ndefu, na hakuna kinachowakera watu kama kusomewa nusu ya kitu ambacho wanacho kizima. Wafanyakazi wenzake Kyengo wa kiwanda cha ngozi, wazee wenye mikono iliyobadilika rangi, walikuwa wamesimama. "Soma! Huyo mama tulikula githeri yake! Soma!"

Maluki alimtazama Nicanor. Nicanor alikuwa akimtazama Wavinya, aliyesimama upande wa pili wa kaburi bila kupepesa. Ndipo Mama Nicanor, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na joto, "Msomee, Maluki. Kwani nani hapa hajui?"

Maluki akainama, akakiokota kipande kwenye nyasi, akakipuliza vumbi. Akasoma. Maneno yalikuwa machache na aliyasoma haraka, lakini yalisikika mpaka kwenye sufuria.

Syokau alitoka kule kwenye sufuria akipangusa mikono kwenye leso. Hakuharakisha. Watu walimpisha njia, naye akafika ukingoni, akachota udongo kwa mikono miwili, akautupa, na akabaki amesimama akitazama chini muda mrefu kuliko desturi inavyoruhusu. Maluki alikohoa. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Alipomaliza hakurudi nyuma. Aliigeukia safu ya mbele, ya viti vilivyofunikwa kitambaa cheupe, ambako familia hukaa. Vyote vilikuwa na watu.

Wavinya akazunguka kaburi mpaka mbele ya kaka yake.

"Simama," akamwambia.

"Umeniaibisha mbele ya watu wote hawa."

"Simama, Nicanor."

"Si umepata ulichotaka? Amesomwa, ametupa udongo. Unataka nini tena?"

"Kiti."

Nicanor alitazama kulia, akatazama kushoto, akavua miwani ya jua kana kwamba bila hiyo angepata mtu wa kumtetea, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya kila mtu aliyefiwa. Akasimama. Kitambaa cheupe kikamng'ang'ania suruali, akakivuta kwa hasira.

Syokau akakaa, akaweka miguu pamoja na mikono juu ya magoti. Mama Nicanor alisogeza mkoba wake kumpa nafasi. Maluki akawaita watoto wa marehemu, na safari hii, kabla hajafungua kijitabu, alitazama kwanza kama kuna kipande ambacho hajakisoma.